Bastola ya Babu Yako Haiendi Durban

Zuhura mjukuu wangu,

Kaa kwanza, mkoba uweke chini. Anayeshika kalamu ni Mama Furaha, jirani yetu Mkongo wa saluni, maana mimi shule niliiona kwa nje tu. Amekuja kunisuka, nimemkatiza kichwa nusu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno nikatoka kama mtangazaji wa redio. Wewe soma kwa sauti. Macho yako hayajazoea Kiswahili cha kwenye karatasi, lakini masikio yako nimeyalea mwenyewe.

Sitakuambia uvae sweta, wala uswali, wala usipande teksi peke yako kiza kikiingia. Hayo nimeyasema mpaka ukuta wa jikoni umeyahifadhi. Nataka tuongee habari ya ile bastola, kwa sababu leo mezani tumeongea vibaya, na kesho asubuhi nikikusindikiza stendi ya mabasi ya Park Station kutakuwa na kelele na watu, na mimi mbele ya watu nitalia badala ya kusema.

Umeniomba niridhie bastola ya marehemu babu yako iandikwe jina lako. Kazini Durban watakupa ya kwao, umesema, hii unaitaka iwe yako mwenyewe, ya kukaa nayo kwenye chumba chako kipya. Vyeti vyako vya ulinzi unavyo, makaratasi mengine utayashughulikia, na yule muuza silaha aliyeitunza kwenye sefu lake tangu msiba anasubiri neno langu tu. Nikasema hapana. Ukauliza kwa nini. Nikasema kwa sababu nimesema. Ukasukuma sahani, ukaniita Gogo, bibi kwa Kizulu, kama kawaida yako.

"Gogo, babu amekuachia wewe nyumba na kila kitu. Mimi sina chake hata kimoja. Na wewe bastola hujawahi hata kuishika, unajua nini?"

Kuishika sijaishika, kweli. Lakini nimekaa miaka nikisikia watu wazima wakizitukana bastola zao, kuanzia kabla hujazaliwa. Hebu nikurudishe huko.

Tulipotoka Tanga tukaja hapa Malvern, babu yako Rajabu alipata kazi ya ulinzi kwenye kampuni moja ndogo, nyuma kidogo ya Jules Street. Mimi nikaweka meza ya chai nje ya geti lao. Chai ya maziwa, chapati, maharage, siku za Ijumaa samaki wa kukaanga. Ndani ya geti palikuwa na pipa la mchanga. Mlinzi akitoka zamu lazima aelekeze mtutu kwenye lile pipa, atoe risasi zote, aoneshe kuwa tumbo ni tupu, ndipo airudishe bastola dirishani kwa mzee wa stoo. Akitoka pipani anakuja kwangu. Na kabla chai haijafika kooni, anaanza kuitukana bastola aliyopewa.

Sijapata kusikia mtu akisengenywa namna ile. Mabibi wa Tanga kwenye kusuka ukili hawafiki.

Palikuwa na Mukendi, Mkongo wa Lubumbashi, vidole vyake kama ndizi za kupika. Huyu alichukia zile ndogo za kufichwa mfukoni. "Mama Salama," ananiambia, maana enzi hizo niliitwa kwa jina la mama yako, "leo wamenipa kitoto. Vidole viwili vinapata pa kukaa, hiki cha mwisho kinabaki nje kama mgeni asiyealikwa. Halafu watu wanadhani kidogo ni kipole! Kidogo ndicho kinachopiga teke. Mkono wote unawaka."

Themba, kijana wa Kizulu, mcheshi, mpenda kunyoosha suruali pasi, yeye aligombana na ile kubwa ya kizamani, ya risasi sita zinazozunguka. "Eish, Mama, hii inanivua nguo." Na kweli siku moja alimkimbiza mwizi mpaka kwenye robot, zile taa za njia panda, mkono mmoja bastola, mkono wa pili umeshika suruali. Mwizi aligeuka, akamwona, akacheka, nguvu zikamwishia, akakamatwa.

Nyingine waliisema kwamba risasi ya kwanza unaivuta kama unavuta ndoo kisimani, ya pili inatoka hujaiomba. Nyingine ina kitufe pale pale gumba linapokaa, ukiishika kwa hofu unakibonyeza, risasi zote na kasha lake zinaanguka miguuni, puu, umebaki na chuma cha kugongea misumari. Nyingine ilikuwa inachagua chakula: ukiipa risasi za bei rahisi inakwama, ukiipa za ghali inakubali, kama mwali aliyelelewa kwa shangazi. Mama Furaha hapa anacheka mpaka kalamu inatikisika. Andika, mama.

Lakini iliyochukiwa kuliko zote ilikuwa moja nyeusi, imechubuka, kitako kimefungwa utepe wa fundi umeme. Ukifyatua, kile chuma cha juu kinarudi nyuma na kukung'ata hapa, kwenye nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada. Na mara moja moja ukivuta, haitoki kitu. Kimya. Mukendi ndiye aliyeipa jina. "Inauma mkono wa aliyeishika, na siku ukiihitaji inanuna," alisema. "Hii ni Mama Mkwe."

Basi jina likakaa. Na utaratibu wa pale dirishani ulikuwa, anayewahi anachagua. Anayechelewa anachukua iliyobaki. Wakawa wanasema, aliyechelewa anaoa Mama Mkwe.

Nilicheka nao, Zuhura. Nilicheka hasa. Nikawauliza, "Haya, na huyo bwege anayemwoa kila siku ni nani?" Wote wakakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Babu yako alikuwa kasimama pale pembeni, anakunywa yake taratibu.

Nilikuja kujua kwa damu. Siku moja alinirudishia kikombe nikaona alama ya damu kwenye mkono wa kikombe. "Umefanya nini?" Akasema mlango wa gari. Kesho yake tena. "Mlango huo huo?" Akasema huo huo. Mukendi akashindwa kuvumilia.

"Mama Salama, tusikufiche. Mumeo anafika wa mwisho kila siku kwa ajili ya mtungi wako wa gesi."

Mimi mgongo wangu ulikuwa mbovu tangu nilipomzaa mama yako. Kila siku kabla ya zamu Rajabu alinibebea mtungi begani, na sufuria kubwa la maharage mkononi, amevaa sare ya ulinzi, kutoka chumbani kwetu mpaka getini. Anaweka, ananiwashia jiko, anahakikisha upepo hauzimi moto, ndipo anakwenda dirishani. Wenzake wote wameshachagua. Sikuwahi kujiuliza wanachagua nini. Kesho yake nikaamka mapema nikaubeba mtungi mwenyewe. Sikufika mbali. Akanikuta Jules Street, akaninyang'anya mbele ya watu.

"Niache, bwana! Nenda kachague bastola ya maana."

"Mgongo wako nilikuoa nao mzima," akasema. "Siwezi kuwarudishia wenyewe umevunjika."

Akaendelea kubeba. Lile kovu ulilokuwa ukilisugua kwa kidole mpaka usingizi ukuchukue, lile alilokudanganya kwamba aliumwa na simba wa Tanga, ni Mama Mkwe huyo. Tanga hakuna simba, mwanangu. Yaani wapo, lakini hawana haja na babu yako.

Sasa nifike kwenye kosa langu, na hili ndilo lililonifanya nimtoe Mama Furaha kichwani kwangu.

Ile kampuni ilipofungwa, bastola zake za zamani ziliuzwa, na walinzi wenye vibali vyao walipewa nafasi ya kununua. Babu yako alikuwa ameshapata karatasi za ukaazi, akaweza kuomba leseni yake. Mimi nikataka kitu cha kujivunia. Themba alikuwa amejinunulia yake dukani, nyeupe inang'aa kama kijiko cha harusi, akija kwenye chai anainua shati kidogo tuione. Nikamwambia Rajabu, nunua kama ile. Tukienda Newtown siku ya Idi, watu wajue kuwa mwanamke huyu ana mume. Siku hizo nilikuwa na mambo hayo, usinione hivi.

Akarudi nyumbani na Mama Mkwe.

"Umemnunua," nikamwuliza, "au umelipwa umchukue?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilimpikia wali mkavu hiyo wiki nzima, bila mchuzi. Mwisho akakaa chini akanieleza. Hiki kisa unakijua, kwa sababu nimekusimulia mimi ukiwa mdogo, lakini nilikusimulia kikiwa na sukari. Leo kipate bila sukari.

Alikuwa zamu kwenye duka la jumla. Magharibi, watu wengi, mara kelele, mwizi, mwizi. Kijana akatoka mbio akaja moja kwa moja upande wake, mkononi ana kitu cheusi kirefu amekielekeza mbele. Babu yako akamchomoa Mama Mkwe, akamlenga kifuani, akavuta. Hakusita, Zuhura. Hapo ndipo nilipokuwa naweka sukari. Nilikuambia babu alisita, na bastola ikamhurumia yule kijana. Hakusita. Alivuta kwa nia kamili ya kuua. Mama Mkwe akanuna. Kijana akapita, akajigonga kwenye mlango, kile kitu kikaanguka. Pampu ya baiskeli. Alikuwa mtoto wa mwanamke muuza mboga wa jirani, naye anamkimbia mwizi huyo huyo.

"Siku zote nilikuwa namtukana," babu yako akaniambia. Kisa kilikuwa cha zamani, lakini alikisema huku akilisugua lile kovu. "Siku ile angenitii, ningekuwa muuaji. Nitamwachaje pale dirishani na utepe wake?"

Nikampikia mchuzi jioni ile.

Tangu hapo mimi na yeye tukamtukuza Mama Mkwe ndani ya sefu la ukutani kama mtu wa ukoo. Ukawa unaomba kisa chake kabla ya kulala. "Gogo, nihadithie bastola yenye huruma." Nami nakuhadithia, nakuongezea, mpaka nikaipa macho na moyo. Ulikuwa unalala vizuri. Nikaona nimefanya jambo la maana.

Themba aliendelea kuipenda ile yake nyeupe. Hakuwahi kuilalamikia hata siku moja. Tulimwuliza, haiumi? Haikwami? Haina uzito? Yeye anaifuta kwa kitambaa. Akaionesha kwenye baa moja, kule Rosettenville, kwa marafiki na kwa wasio marafiki. Walimfuata kwa ajili yake. Hawakuchukua pesa, hawakuchukua viatu, walichukua ile tu. Alikutwa na ala ya ngozi tupu kiunoni. Tulimzika Jumamosi, kama wanavyozika huku, na Mukendi alilia kuliko ndugu zake.

Mukendi yupo hai mpaka leo. Unamjua, yule mzee anayekuja hapa kulalamikia magoti. Enzi zile alilalamikia kila bastola aliyopewa: hii inavuta kushoto, hii spring yake imechoka, hii sura yake siipendi. Na kwa sababu anailalamikia, anaijua. Anaijaribu, anaifungua, anamsumbua mzee wa stoo mpaka abadilishiwe. Mimi nilimwona mtu wa kelele. Siku hizi nikimwona anapanda ngazi yangu akiguna, namshukuru Mungu kwa kila kelele.

Basi, babu yako alipofariki, na yule muuza silaha akaja kuichukua aitunze kisheria, nilimtazama akiitoa kwenye sefu. Akaikagua kama daktari. Akafungua, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Mama, hii spring imekufa zamani. Na hapa ndani pameliwa. Mumeo alitembea na hii?"

Nikasema alitembea nayo miaka.

"Alikuwa na bahati," akasema, akaitia kwenye mfuko kama mtu anayeweka kitunguu.

Nilikaa kitandani hapo. Spring imekufa. Ndiyo hiyo tu. Haikumwona yule kijana, Zuhura. Haikujua pampu ni pampu. Ingekuwa ni mtu mwenye panga anamjia babu yako, ingenuna vilevile, na mimi ningekuwa mjane mama yako akiwa bado ananyonya, na wewe usingekuwepo kunisukumia sahani. Miaka yote nilikishukuru kipande cha chuma kibovu. Babu yako kilimwokoa na damu ya mtu kwa sababu kilikuwa kibovu, na kwa ubovu huo huo kingeweza kumzika. Sisi tukauita ubovu ule huruma kwa kuwa ulituangukia vizuri mara moja.

Na wewe ukakua ukiamini. Najua unaamini, hata kama vyeti unavyo na unajua bastola kuliko mimi. Leo umesema, "Hiyo haiwezi kunifanya niue mtu asiye na hatia, Gogo." Mkono wangu ulikuwa kwenye bakuli la mchuzi, ukakaa humo humo. Hayo ni maneno yangu. Nimeyatia mimi kichwani mwako ukiwa na meno ya utotoni, na sasa unataka kwenda kulala nayo peke yako Durban, mlango mmoja, mji huujui. Mtu akiuvunja mlango huo, Mama Mkwe atanuna. Na mtoto wa jirani akigonga vibaya, pengine siku hiyo ataamka na kutii. Hachagui. Kuchagua ni kwako, na wewe ulikuwa unataka kumwachia yeye.

Umeniambia huna cha babu hata kimoja. Hilo limeniuma kwa sababu ni kweli. Wiki ya msiba nilitaka kuta ziwe tupu. Kofia zake nimempa imamu agawe, redio nimempa Mama Furaha, yuko hapa ameinamisha kichwa, koti la baridi nimemvalisha mtu wa barabarani kwa mikono yangu. Sikukuita. Sikukuuliza, mwanangu, unataka nini humu. Nilidhani huzuni ni yangu peke yangu, nikaisafisha nyumba kama mtu anayefuta damu. Ndiyo maana kilichobaki ni kile kilichokuwa kwenye sefu la mtu mwingine. Nisamehe. Sina cha kukupa badala yake. Nimepekua leo kabati zote wewe ukiwa umejifungia, nimepata vifungo viwili vya shati, na hata sina hakika kama ni vyake.

Na bado ni hapana.

Kesho basi lako likiondoka, mimi na Mama Furaha tutakwenda kwa yule muuza silaha. Nitamwambia aipeleke polisi ikayeyushwe, na nitasubiri mpaka aandike. Nakuambia leo ili usije ukasikia kwa mtu. Mama Furaha amenishauri nikufiche mpaka ufike, ulale vizuri kwanza. Hapana. Nimekulaza vizuri kwa uongo miaka ya kutosha.

Kazini kwako wahi dirishani. Usimbebee mtu mtungi mpaka ushajua bastola yako inauma wapi. Nikikuuliza kwenye simu ikoje, usiniambie ni nzuri. Ukiniambia nzuri nitapanda basi nije. Niambie inavuta kulia, kitako kinateleza, mzee wa stoo hana akili. Nitakaa kitako nisikilize yote.

Halafu ukimaliza, nilalamikie na mimi. Najua utaondoka umenuna. Nuna tu, kununa sikukatazi, ila usininyamazie. Niambie Gogo ni mkaidi, Gogo ameyeyusha kitu cha babu, Gogo alijaza kichwa changu hadithi halafu akazichukua. Sema kwa Kizulu, sema kwa Kiingereza, nitamwita mtu anifasirie. Unilalamikie mpaka nizeeke, na mimi kila mara nitasema ndiyo, umesema kweli, haya, endelea.

Bibi yako anayekupenda kwa kelele,
Mwanaidi, Malvern